Nywele za Salongo

Ilikuwa Jumatano, tarehe 18 Desemba 2013, saa kumi na moja na nusu jioni. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imetoka kurudia tangazo kwamba mwisho wa kutembea ni saa kumi na mbili. Nilijifunga leso, nikatoka kwenda kununua mafuta ya nywele.

Mtu atauliza: mji unapigwa risasi tangu Jumapili, na wewe unatafuta mafuta ya nywele? Nitaeleza. Nitaeleza polepole, kwa sababu haraka siiwezi tena.

Mume wangu aliitwa Lubega. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za Hai Mauna. Sisi ni Waganda wa upande wa Masaka, tulikuja Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, bendera bado mpya hata rangi haijapauka. Mwaka huohuo nikajifungua mapacha, Babirye na Kato. Tangu siku ile, watu wa kwetu hawakumwita Lubega tena. Walimwita Salongo, yaani baba wa mapacha. Mimi wakaniita Nalongo.

Kwetu, baba wa mapacha hakati nywele mpaka ukoo wake na ukoo wa mkewe wakutane na kuwafanyia watoto desturi yao. Siku hiyo ndipo wazee wanamnyoa. Kabla ya hapo wembe haugusi kichwa chake. Nywele zile si zake, ni za watoto. Na zikikatwa na mkono wa mtu baki, wazee wanasema, pacha mmoja ataruka. Pacha kwetu hafi. Tunasema ameruka.

Desturi yetu ilichelewa. Mara baba yake Lubega aliugua, mara akafariki, mara barabara ya Nimule, ya kwenda mpakani Uganda, ikaharibika. Nywele hazikungoja. Zilifunika masikio, zikafika mabegani, zikayapita. Padri alituambia mambo hayo tumwachie Mungu. Lubega akamjibu kwa heshima, "Padri, si Mungu ndiye alileta wawili?" Padri alicheka, akatubariki, hakulitaja tena.

Kutunza nywele ndefu za mwanamume katika Juba ni kazi. Vumbi lenyewe ni jekundu na linaingia mpaka kwenye ngozi. Maji yanaletwa na lori kutoka mtoni, lazima uyaache kwenye pipa mpaka tope litulie. Kazini alizikunja zote ndani ya kofia ya turubai, lakini cheche zilipata njia, na jioni alirudi akinuka nywele zilizoungua. Kila Jumamosi asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda. Niligawanya nywele kwa vidole, fungu kwa fungu, nikaziosha, nikamwacha juani mpaka zikauke hadi ndani, kwa sababu nywele nene zikilala na maji zinavunda kama gunia. Mwisho nilimpaka lulu, mafuta yale mazito ambayo wanawake wa huko wanakamua kwa kokwa za mti wa porini. Unywele uking'oka, aliuokota mwenyewe na kuutia katika mfuko mdogo wa kitambaa. Hakuna hata mmoja uliotupwa.

Kichwa kile nilikijua kwa vidole. Ningeweza kukitambua gizani kati ya vichwa mia.

Jirani yetu Igga, mwenyeji wa huko huko Juba aliyekulia ukimbizini Adjumani, Uganda, alikuwa anamtania kila siku. "Salongo, wewe ukianguka kwa mto, mimi iko na bahati. Nitakuvuta na nywele kama mbuzi na kamba."

"Na wewe mwenye upara," Lubega alimjibu, "tutakuvuta na nini?"

Ijumaa tulikuwa tupande basi la kwenda kwetu Masaka. Ukoo ulikuwa unatungoja baada ya Krismasi, ng'oma zimeshaandaliwa. Lakini tangu Jumapili tulikuwa tumelala chini ya kitanda, sisi wanne, risasi zikipita juu ya mabati. Nywele za Salongo zilijaa jasho, vumbi na utando wa buibui. Hazikufaa kwenda mbele ya wazee hivyo. Na siku ile bunduki zilinyamaza kidogo.

Basi nilitoka.

Ketty, Mganda mwenzangu, alifungua dirisha la duka upana wa mkono tu. "Nalongo, na mambo yote haya, mzee bado anapaka lulu?"

"Ijumaa tunasafiri."

"Chukua, kimbia. Kuna gari inazunguka inabeba wanaume. Wanaangalia paji la uso kama lina chale za kabila, wanaangalia kichwa."

"Kichwa wanatafuta nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nauza mafuta." Akafunga dirisha.

Nilipofika kwetu, geti lilikuwa wazi.

Walikuwa wawili. Mmoja mrefu, ana bunduki yenye kisu mbele. Mmoja mfupi, ana panga. Kabila lao sikuuliza na sitaliandika. Igga alikuwa amesimama kwenye ukuta, mikono juu. Watoto walikuwa mlangoni. Na mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, kofia imetupwa, nywele zimemfunika uso.

Yule mrefu alisema Kiswahili cha Kenya. Nadhani alikulia kwenye kambi za wakimbizi za kule.

"Nakuuliza tena. Nywele ni za nini?"

"Mimi ni Mganda, afande. Ni fundi."

"Sijauliza kazi. Huku kwetu mwanaume akiacha nywele hivi, kuna mtu wake ameuawa na bado hajalipiza. Nani wako ameuawa?"

"Hakuna, afande. Nimezaa mapacha."

Yule mrefu alimgeukia mwenzake. "Umeskia? Amezaa. Mwanaume amezaa." Wakacheka.

Igga akasema, "Afande, ni kweli, hiyo ni mambo ya kwao ya Uganda..."

Yule mfupi alimpiga kwa mpini wa panga mdomoni. Nilisikia meno. Igga alianguka akiwa ameshika midomo, damu ikatoka kati ya vidole.

"Umeapa kumuua nani?" mrefu akauliza, kwa sauti ya upole sana.

Nilipiga magoti karibu na mume wangu. Nikamwambia yule mrefu, afande, nikate mimi, nywele hizo usiguse, ni za watoto. Alinitazama. Kisha akawatazama watoto. Halafu akakunja nywele zote mkononi kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe, akavuta kichwa nyuma, akaanza kukata kwa kisu cha bunduki.

Kisu kilikuwa butu. Alikata kama anayekata kamba ya meli. Juu ya sikio la kushoto kisu kiliingia kwenye ngozi, na kipande cha ngozi, upana wa kidole gumba, kikatoka pamoja na nywele. Damu ilimwagika shingoni mpaka kwenye shati. Lubega hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa kwa watoto, na watoto walikuwa wanamtazama yeye.

Yule mrefu alifunga nywele kwenye mdomo wa bunduki. "Sasa na bunduki iko na ndevu," alisema. Wakaondoka.

Nilimfunga mume wangu kichwa kwa leso. Nilimweka Igga kwenye mkeka. Tulifunga mlango. Giza la kwanza lilipoingia, tulianza rozari, mimi na mume wangu tumekaa kitandani, watoto miguuni petu.

Tulikuwa kwenye fumbo la pili. Kato aligeuza kichwa kuelekea mlango.

"Taata," akasema.

Baba yake akamshika bega. "Taata yuko hapa."

Kato hakumtazama. Babirye naye akageuka. Akatabasamu kwa mlango.

"Taata."

Ndipo tukasikia uwanjani.

Shii... shii... shii...

Kama mtu anafagia. Lakini nani anafagia saa ile? Sauti ilitoka getini, ikazunguka pipa la maji, ikaja mpaka kizingitini. Ikasimama. Chini ya mlango ikaingia harufu. Mafuta ya lulu, na nywele zilizoungua.

Lubega alininong'oneza, "Usifungue. Hata ikiita kwa sauti yangu, usifungue."

Haikuita. Baada ya muda ilifagia tena, ikaenda.

Alhamisi asubuhi Igga alijikokota mpaka kwenye stendi ya bodaboda kutafuta habari. Alirudi rangi imempotea. Alisema kwa shida, midomo imevimba.

"Yule mfupi amekufa. Iko pale, ameanguka kifudifudi. Panga bado mkononi."

"Risasi?"

"Risasi hakuna. Walimgeuza. Mdomo imejaa nywele, Nalongo. Kijana mmoja akavuta, akafikiri ni kidogo. Akavuta... akavuta... haikwisha. Akaacha, akatapika."

Lubega alikuwa amekaa na watoto mapajani. Aliuliza kitu kimoja tu. "Zilikuwa na damu?"

"Zote," alisema Igga.

Mume wangu alifumba macho. Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza. Nywele za Salongo zinasubiri kitu kimoja: kunyolewa kwa furaha, mbele ya watoto, kwa maziwa na nyimbo. Sasa zimenyolewa kwa kisu. Yule mtu alizibeba kwenye bunduki, akaingia nazo nyumba za watu. Zimeonja damu. "Zitarudi kwa wenyewe," alisema. "Na wenyewe si mimi. Wenyewe ni hawa."

"Tufanye nini?"

"Tuondoke kabla ya jioni."

Hatukuweza. Barabara kubwa ilifungwa, risasi zilianza tena upande wa uwanja wa ndege. Nilinyunyiza maji ya baraka mlangoni na dirishani. Nilisali mpaka sauti ikanikauka. Jua likashuka juu ya mabati ya mtaa wetu, Munuki, kama siku nyingine yoyote.

Geti likapigwa.

"Mama mapacha! Fungua! Nimerudisha vitu yenu!"

Hatukufungua. Alipiga kufuli risasi, akaingia. Alikuwa yule mrefu, peke yake. Nilimwona kupitia ufa wa dirisha. Alitembea ameinama. Kila hatua mbili alisimama, akaingiza vidole mdomoni, akavuta kitu, akakitupa chini. Vidole vyake vilitoka na damu. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuchanja mwenyewe kwa kisu, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, na ndani ya zile chale kulikuwa na kitu cheusi kinachotokeza kama majani machanga.

Alipiga mlango teke, ukaachia bawaba. Akatupa bunda la nywele katikati ya chumba. Lilianguka kwa kishindo, kama nyama. Lilikuwa limelowa.

"Chukua," alinong'ona. "Chukua, bwana. Nilifunga kwa bunduki. Kila nyumba tuliingia, ilikunywa. Nimeikata, inarudi. Nimeichoma, inarudi. Inanifuata na miguu."

Lubega alisimama mbele yetu. "Siwezi kupokea damu kwa niaba ya watoto."

"Utapokea."

"Hii damu uliimwaga wewe. Ibebe kwa Mungu, uungame."

Yule mtu alicheka, na kicheko kikakwama kooni. Akainua bunduki. Hakuielekeza kwa mume wangu. Aliielekeza kwa Babirye. "Si hawa ndio wenyewe? Basi wao wachukue." Akalisukuma lile bunda kwa buti mpaka miguuni pa binti yangu.

Babirye aliinama kuliokota.

Lubega alimrukia. Alimshika mtoto akamtupa kwangu, akaipiga bunduki teke ikageuka, risasi ikapasua dari. Mrefu alimpiga mume wangu kwa kitako cha bunduki kifuani, mara mbili, akamwangusha chali. Akaweka mdomo wa bunduki juu yake.

Shii...

Yule mrefu akaganda.

Shii... shii...

Lile bunda halikuwa tena sakafuni.

Mlangoni, nyuma yake, kulikuwa na mtu. Kimo cha mume wangu. Mabega ya mume wangu. Nywele zilimfunika kutoka juu mpaka chini, zikaburuta ardhini, na mahali pa uso hapakuwa na uso. Palikuwa na nywele tu. Harufu ilijaa chumba.

Nywele zilimzunguka yule mrefu shingoni, bila haraka, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Alifyatua risasi. Alifyatua mbele, pembeni, juu. Kikombe kilivunjika. Ukuta ulitoa vumbi. Miguu yake ikaondoka chini, akapiga mateke hewani, macho yakatoka, ulimi ukatoka. Kisha kichwa kikageuka kutazama mgongo wake mwenyewe. Nilisikia mlio kama wa muwa unapovunjwa gotini.

Nywele zikamwachia. Akaanguka.

Na kile kitu kikatugeukia sisi.

"Taata," alisema Kato. Akajinasua mikononi mwangu. Babirye naye. Walikuwa wanakwenda, mikono mbele, kama walivyomwendea baba yao kila jioni alipotoka kazini.

Lubega alijiinua kwa magoti. Damu ilikuwa inatoka kifuani. Sikuona risasi ilimpata lini. Alipita kati ya watoto, akasimama mbele yao.

"Nalongo, wazibe macho."

Niliwavuta, nikawafunika kwa mwili wangu. Macho yangu mimi sikuweza kuyaziba.

Mume wangu alifungua mikono. "Njoo kwangu," alikiambia. "Hao waache. Njoo kwangu mimi."

Akakikumbatia.

Walishikana kama wanamieleka. Walitoka mlangoni, wakaanguka uwanjani, wakaviringika nyuma ya pipa la maji. Niliona mguu. Niliona nywele zikipanda na kushuka. Nilisikia mtu anakoroma na mtu anasali Salamu Maria kwa Kiganda, na sikujua kama ni mtu mmoja. Halafu pipa likaanguka, maji yakamwagika, na baada ya hapo kimya.

Sikutoka. Nilikuwa na watoto wawili wazima chini ya kifua changu, na ndicho alichonunua kwa mwili wake. Nilibaki hapo mpaka jogoo wa Igga akawika.

Kulipopambazuka, Igga alikuja na shuka. Mume wangu alikuwa amelala nyuma ya pipa, chali, mikono imefunguka. Tundu la risasi lilikuwa kifuani, dogo, safi. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nywele zake zilikuwa kichwani.

Zilikuwa zote, kavu, zimepakwa mafuta, zimegawanywa fungu kwa fungu. Zilifika kiunoni, mahali ambapo hazikuwahi kufika. Nilivuta kidogo. Zilikuwa zimeota kwenye ngozi.

Nilianza kumwosha, kwa sababu ni kazi yangu. Nikagawanya nywele kwa vidole juu ya sikio la kushoto, nitafute kidonda. Nikatafuta tena. Nikatafuta upande wa kulia, nikidhani nimechanganyikiwa. Kichwa kizima hakikuwa na kidonda, wala kovu, wala damu iliyoganda.

Igga alikuwa ananitazama.

"Igga," nikasema, "huyu..."

"Funika, Nalongo." Akanisogezea shuka. "Mimi naomba. Funika tuzike. Gari iko karibu."

Babirye alikuwa amefika nyuma yangu. Aliangalia ule uso mtulivu muda mrefu. Kisha akanivuta nguo.

"Maama, huyu nani?"

Tulizika asubuhi ile ile nyuma ya nyumba, bila jeneza, bila padri. Mimi nilisoma sala, Igga alichimba. Watu wenye gari walikuja wakamchukua yule mrefu, wakatazama shingo yake, wakaondoka.

Tulipofika Masaka na watoto, wazee waliniuliza nywele ziko wapi. Niliwaambia zimezikwa pamoja na mwenyewe. Waliangaliana. Wakasema basi, watoto wamelipiwa. Wakapiga ng'oma kidogo, bila kucheza, wakawanyoa watoto. Babirye na Kato wako hai, wanasoma, hawaugui zaidi ya watoto wengine. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Padri wa hapa Masaka nimemweleza yote. Alisikiliza vizuri. Akasema risasi ilimpata mume wangu palepale chumbani, akafa akitetea watoto wake, na mengine niliyaona kwa hofu. Vidole vyenye hofu, alisema, havijui vinagusa nini. Ni mtu mwema, na huenda ni kweli.

Lakini mwaka uliofuata Igga alinipigia simu. Hakutania. Alisema mafundi wapya wa Hai Mauna wamemwona mtu zaidi ya mara moja, jua likizama, amesimama mbele ya karakana. Nywele zimekatwa ovyo. Juu ya sikio la kushoto ana kidonda kibichi ambacho hakiponi. Anauliza njia ya kwenda Nimule. Wanamwonyesha. Anashukuru, lakini haondoki.

Sijui ni nani niliyemfunika kwa udongo wa Munuki. Sijui ni nani anayesimama pale. Mungu anajua, na mimi sina mwingine wa kumuuliza.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Lubega, aliyewasimamia watoto wake. Kama yuko chini ya udongo, udongo uwe mwepesi juu yake. Kama bado yuko njiani, mshike mkono, umwonyeshe njia ambayo watu hawawezi kumwonyesha. Funga kidonda chake. Wape raha wale wote walioingiliwa majumbani mwao siku zile, ambao majina yao siyajui. Uwape wote pumziko la milele, na mwanga usiozimika uwaangazie. Amina.